Kikombe cha ekseli kilichoganda kwenye Raleigh ya zamani: cha kufanya kabla ya kupiga nyundo tena

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nami nimelifupisha. Kwa asiyejua: bomba la kati ni lile bomba fupi la fremu ambamo ekseli ya pedali hupita, na kikombe ni kipande cha chuma chenye thredi (mistari ya skrubu) kinachofungwa kila upande wa bomba hilo, gololi za ekseli zikitembea ndani yake.

"Shikamoo fundi. Nina Raleigh nyeusi ya marehemu babu, ile ya breki za vyuma, imekaa bandani miaka mingi karibu na bahari. Nataka kuifufua. Ekseli ya pedali ilikuwa haizunguki kabisa. Fundi wa mtaani kwetu kafungua upande wa kushoto, ekseli na gololi zikatoka, ila kikombe cha kulia, upande wa cheni, kimegoma. Kakipiga kwa tindo kinyume cha saa kama anavyofungua nati yoyote, mpaka kingo zake zimeanza kulika. Nimeagiza seti mpya Kariakoo, na cha kushangaza hata kikombe kipya cha kushoto kinaingia raundi mbili kisha kinakaza. Fundi anasema tupashe moto bomba la kati mpaka liwe jekundu, au tukikate kikombe. Tuanze na lipi?"

Marahaba, mwanangu. Msianze na lolote kati ya hayo mawili. Mwombe fundi aweke nyundo chini kwa sasa, kwa sababu ndani ya barua yako kuna habari ambayo wewe mwenyewe umeipita haraka, nayo ni kubwa kuliko hicho kikombe kilichoganda: kikombe kipya cha kushoto kuingia raundi mbili na kukaza. Bomba la kushoto liko wazi, fundi amelisafisha bila shaka, na bado kikombe kipya hakiingii. Hiyo si kutu. Thredi za seti uliyonunua si thredi za baiskeli yako.

Baiskeli nyingi zinazouzwa kwetu, za Kichina na za Kihindi, na nyingi za mitumba kutoka Japani, zina bomba la kati lenye thredi 24 kwa kila inchi. Huo ni utaratibu wa Kiingereza ulioenea duniani. Lakini Raleigh, kiwanda kilichoanza Nottingham miaka ya 1880, kilikuwa kikubwa kiasi cha kujitengenezea karibu kila kitu chenyewe, mpaka aina ya thredi. Baiskeli zake za barabarani za zamani zilikatwa thredi 26 kwa inchi. Kipenyo ni kilekile, karibu milimita 35, ndiyo maana kikombe cha dukani kinaonekana kukubali mwanzoni. Kinashika raundi mbili tatu, kisha meno ya huku na ya kule yanapishana na kugombana. Ukiongeza nguvu hapo unaua thredi za bomba, na thredi za bomba haziuzwi dukani.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua kikombe cha zamani cha kushoto, kile kilichotoka, kisugue kwa brashi ya waya mpaka meno yaonekane meupe. Kishike na kikombe kipya, thredi kwa thredi, kama vile unataka meno ya kimoja yalale ndani ya mabonde ya kingine, kisha vinyanyue kuelekea dirishani. Vikiwa vya aina moja, meno yataingiana upana wote na mwanga hautapita. Vikiwa 26 na 24, utaona meno yanalala vizuri upande mmoja, na kadiri unavyoelekea upande wa pili yanapanda juu ya mengine na mwanga unachungulia. Tofauti kwa jino moja ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini kwenye upana wa kikombe inajumlishana mpaka kufikia karibu jino zima. Pima na upana wa bomba la kati kutoka ukingo hadi ukingo. Baiskeli za kawaida huwa na milimita 68. Raleigh za aina yako mara nyingi zina 71, na nyingine 76.

Angalia pia nembo ya mbele, yenye kichwa cha korongo. Ikiwa imeandikwa Nottingham, basi hesabu ya 26 ni karibu ya uhakika. Zipo Raleigh zilizotengenezwa India, Asansol, na kampuni ya Sen-Raleigh, na kwa hizo mimi napima kwanza kabla ya kusema neno.

Sasa unaona kwa nini nimesema nyundo iwekwe chini. Kukata kikombe kunakiua. Kukipasha moto mpaka kiwe chekundu kunakiua pia, nitaeleza kwa nini. Na ukishakiua, huna cha kurudisha mahali pake, kwa sababu kile ulichonunua hakiingii. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya "nitakitoaje" ni hili: je, kina sababu ya kutoka?

Kikombe cha kulia hakikuundwa kitolewe kila mara. Kinafungwa kwa nguvu kiwandani, na matengenezo yote ya kawaida hufanywa kupitia kushoto: unafungua ringi ya kufungia, unatoa kikombe cha kushoto, unavuta ekseli, unasafisha, unarudisha. Nimeona Raleigh ambazo kikombe cha kulia hakijawahi kuguswa tangu zitoke kiwandani na bado zinabeba gunia. Kilichofanya ekseli ya babu isizunguke ni gololi zilizogandiana na kutu pamoja na grisi iliyokauka ikawa kama lami. Hizo zimeshatoka. Kwamba kikombe chenyewe kimeshikana na bomba si ugonjwa ikiwa ndani yake ni kizima.

Basi kikague hapohapo kilipo. Laza fremu ubavu, upande wa kulia uwe chini, mimina mafuta ya taa ndani ya bomba kupitia kushoto, acha yalowe, sugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, mimina tena, futa. Kisha washa tochi na utazame njia ya gololi, ule mzunguko ndani ya kikombe ambapo gololi zinatembea. Ikiwa unaona mstari unaong'aa kuzunguka pande zote, hiyo ni dalili nzuri. Halafu chukua kalamu ya wino, upitishe ncha yake taratibu juu ya mstari huo, mzunguko mzima. Mkono wako utahisi kile ambacho jicho halioni. Ncha ikiteleza bila kukwama, kikombe ni kizima na kibaki hapo. Ikigonga vishimo, tak, tak, chuma kimeliwa na gololi mpya zitaliwa pia.

Kuna hali ya katikati: vishimo viwili vitatu vidogo, pengine sehemu ya juu ya kikombe, ambayo haibebi mzigo. Kwa baiskeli ya kwenda sokoni na kurudi, mimi ningeweka gololi mpya na grisi ya kutosha na kuiacha iende. Utasikia mkwaruzo mdogo ukizungusha pedali kwa mkono, na itakutumikia muda mrefu. Ingekuwa baiskeli ya kubeba abiria au mizigo kutwa nzima, ningesema vingine.

Tuseme sasa umekikagua na vishimo vimejaa. Kinatakiwa kutoka, na kwa kuwa hata kikombe kibovu cha 26 kina thamani kama kipimo cha kutafutia kingine au cha kukerezea kingine, tukitoe kizima kadiri inavyowezekana.

Jambo linaloua fremu nyingi kuliko kutu ni mwelekeo. Fundi wako amekuwa akipiga kinyume cha saa. Kikombe cha kulia cha baiskeli ya Kiingereza kina thredi za kushoto. Simama upande wa cheni, kitazame uso kwa uso: kinafunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Kila pigo la tindo alilopiga lilikuwa linakaza. Simlaumu sana. Kila mtu anajua kwamba pedali ya kushoto ndiyo yenye thredi za kinyume, na ni rahisi kudhani kwamba upande wa kulia kila kitu ni cha kawaida. Kwenye ekseli ya kati ni kinyume chake: kushoto ni kawaida, kulia ni kinyume.

Sababu yake inafaa kuielewa, kwa sababu ukiielewa hutasahau tena. Shika penseli ndani ya ngumi iliyolegea kidogo, halafu kwa mkono wa pili izungushe ncha ya juu kama unachora duara hewani, ukiisukuma ibanane na kuta za ngumi. Utaona penseli yenyewe inajizungusha taratibu kuelekea upande ulio kinyume na duara lako. Ndivyo ilivyo kati ya ekseli, gololi na kikombe. Ekseli inapozunguka chini ya uzito wa mwendeshaji, gololi zinakitembeza kikombe kidogokidogo kuelekea kinyume cha ekseli. Upande wa kulia ekseli inazunguka kufuata saa, kikombe kinasukumwa kinyume cha saa, na thredi ya kawaida ingefunguka yenyewe njiani. Kwa thredi ya kushoto, msukumo huohuo unakaza. Maana yake ni kwamba babu yako, kila alipokanyaga pedali, alikuwa anakikaza kikombe hicho. Kwa hiyo tunapambana na kutu, na tunapambana pia na miaka ya kukanyaga.

Anza na kulowesha, na uwe na subira ya kweli. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana thredi zinabanana kiasi hicho. Mafuta mazito hayapenyi humo. Mafuta ya kupenyeza ya kwenye kopo la kupuliza yanafaa. Ukikosa, mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asitoni na mafuta ya giaboksi ya magari ya otomatiki unapenya vizuri sana, ila utikise kila mara kabla ya kumimina kwa sababu vimiminika hivyo viwili vinajitenga, na usiuache uguse rangi unayotaka kuitunza. Dizeli inafanya kazi pia, polepole. Laza fremu upande wa kulia ukiwa chini, mimina kwa ndani ili mafuta yakae juu ya mshono wa kikombe na bomba. Kesho yake igeuze, umimine kwa nje. Baiskeli yako huenda ina tundu dogo lenye kifuniko kwenye bomba la kati, lililowekwa kwa ajili ya kutia mafuta, na hilo pia ni mlango. Endelea hivyo wiki nzima, na kila unapomimina gongagonga bomba lenyewe kuzunguka kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi na mengi. Mtikisiko unafungua nyufa ndogo kwenye kutu, mafuta yanafuata. Usigonge ukingo wa kikombe.

Baada ya hapo unahitaji kushika, na hapa ndipo tindo inaposhindwa kabisa. Kikombe cha kulia kina bapa mbili, yaani pande zilizonyooka za kushikia, zinazotazamana, kwa kawaida umbali wa milimita 36, nyembamba sana. Spana ya kawaida inateleza, spana malaya inateleza, spana ya bomba inakula kingo. Kinachoshika kweli ni jiliwa, kile kibano kikubwa cha mezani. Tafuta karakana yenye jiliwa kubwa iliyofungwa kwa bolti kwenye meza nzito: kwa wachomeleaji, gereji ya malori, chuo cha ufundi. Ondoa magurudumu na uma wa mbele. Kingo ambazo tindo imezila zisawazishe kwa tupa mpaka bapa mbili ziwe sambamba tena. Hata zikipungua milimita moja si kitu, jiliwa halijali kipimo. Kisha geuza fremu ilale juu ya jiliwa, upande wa kulia ukitazama chini, bapa za kikombe ziingie katikati ya meno ya jiliwa, ukaze kwa nguvu zako zote.

Sasa fremu nzima imekuwa mpini wako. Ukiwa unaitazama kutoka juu, izungushe fremu kufuata mwendo wa saa. Najua utasita hapo, kwa sababu sasa unatazama kutoka upande wa pili. Usisite: umegeuza upande wa kutazama, na umegeuza pia kinachozunguka, maana safari hii kikombe kimetulia na fremu ndiyo inayokwenda. Mageuzi mawili yanarudisha mwelekeo uleule. Shika mirija mikubwa, pale kwenye shingo ya usukani na pale linapoingia bomba la kiti. Usivute kwa mirija myembamba ya nyuma inayoshika gurudumu, hiyo inapinda, na gurudumu la nyuma halitakaa sawa tena. Vuta kwa nguvu inayoongezeka taratibu, mtu wa pili akigonga bomba kwa nyundo ndogo. Kikiachia utasikia mlio mkali kama wa kitu kilichovunjika. Usiogope, hiyo ni kutu.

Kama jiliwa hakuna, kuna njia ya bolti, na naipenda kwa sababu inahitaji vitu vya duka la vyuma tu. Nunua bolti nene ya milimita 16, urefu wa kama milimita 60, nati yake, washa nene kadhaa na washa moja ya springi. Ipitishe kwenye tundu la kikombe, kichwa kikiwa nje upande wa cheni juu ya washa, nati ikiwa ndani ya bomba. Kwa ndani weka washa laini ya shaba au alumini kwanza, ili njia ya gololi isichubuke, kisha ile ya springi, kisha nati. Ishike nati kwa soketi kupitia upande wa kushoto, kaza bolti mpaka vyote vibanane na kikombe viwe kitu kimoja. Halafu achia nati, weka spana ya 24 kwenye kichwa cha bolti, ongeza bomba la maji la mita moja kama mpini, na uendelee kuzungusha kufuata saa. Uzuri wa njia hii ni kwamba kukaza bolti na kufungua kikombe ni mwelekeo mmoja. Kadiri kikombe kinavyokataa, ndivyo bolti inavyozidi kukibana, na mwisho wake lazima kimoja kitembee.

Kuhusu moto. Moto unasaidia, lakini si moto wa fundi wako. Njia ya gololi imefanywa ngumu kwa joto maalumu kiwandani, na ugumu huo unaanza kupungua chuma kikivuka nyuzi joto 200 hivi. Kikombe kikifika wekundu kimekuwa chuma laini, gololi zitachimba mtaro ndani yake kwa muda mfupi. Tena mirija ya fremu yako haikuunganishwa kwa weldi ya umeme, imeunganishwa kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa ndani ya viungo vyake, na shaba hiyo inalegea kwenye nyuzi 900 hivi. Mtu mwenye gesi ya kuchomelea anafika huko kabla hajajua. Kinachotakiwa ni nyuzi 150 mpaka 200 tu. Kwa bomba la milimita 35, nyuzi 150 za ziada zinalipanua karibu sehemu sita za mia za milimita. Inasikika kama si kitu, lakini ndani ya thredi iliyobanwa na kutu ni nafasi kubwa.

Fanya hivi: futa mafuta yote yaliyobaki ndani na nje, maana asitoni na dizeli vitawaka. Fanyia nje penye upepo, na moshi usiuvute, rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi ndani yake. Sokomeza kitambaa kilicholowa maji ndani ya kikombe ili kikombe kibaki baridi. Kisha pitisha moto kuzunguka bomba kwa nje, haraka, bila kusimama mahali pamoja. Dondoshea tone la maji juu ya bomba. Likichemka na kukauka palepale, endelea kidogo. Likianza kurukaruka bila kutulia, acha. Zungusha hapohapo. Kikombe kikikataa, liache bomba lipoe mpaka lisitoe moshi, tia mafuta ya kupenyeza, yatavutwa ndani chuma kinaposinyaa, na kesho urudie. Rangi ya babu sehemu ile itaungua, jiandae kwa hilo.

Ikiwa yote hayo yameshindikana, na tu ikiwa umeshahakikisha kikombe ni kibovu, basi nenda kwa mchomeleaji. Achomelee kipande cha bapa nene, kama sentimita 40, kikatize uso wa kikombe na kishike pande zote mbili za tundu, au achomelee nati kubwa. Joto la weldi linapanua kikombe, kisha kinapopoa kinasinyaa na kujitenga na bomba. Mara nyingi kinafunguka kwa nguvu ndogo ajabu, nami sikumbuki kikombe cha chuma kilichoishinda njia hii kikiwa kimeshaloweshwa vya kutosha. Masharti ni mawili: weldi isiguse ukingo wa bomba hata kidogo, na akisubiri kipoe asikimwagie maji. Kukata kwa msumeno kutokea ndani nakuweka mwisho kabisa. Kikombe ni kigumu, blade inateleza, na mkono ukiteleza nao unakata thredi za bomba.

Kikishatoka, utafute cha kuweka. Kwanza zungukia mafundi wazee wa baiskeli pale Tanga. Kwenye madebe yao ya vyuma chakavu mna vikombe vya Raleigh ambavyo hakuna anayevitaka kwa sababu haviingii kwenye baiskeli za siku hizi. Nenda na kikombe chako cha zamani mfukoni, ulinganishe meno kwa njia ya dirishani niliyokueleza. Fremu iliyovunjika ya Raleigh ni hazina: nunua yote, utoe vikombe vyote viwili na ekseli. Njia ya pili ni mkerezaji mwenye mashine nzuri, akutengenezee kikombe kwa kuiga cha zamani, ila mwulize kwanza kama anaweza kukifanya kigumu baada ya kukereza. Kuna pia wanaokata thredi upya za 24 juu ya za 26. Inawezekana, kipenyo kinaruhusu, lakini meno yanabaki membamba na yamekatikakatika, na kosa halirekebishiki. Mimi ningeifanya kwa fremu isiyo na njia nyingine tu. Kwa Raleigh ya babu, bado hujafika huko.

Msomaji mwingine mwenye baiskeli tofauti asichukue maelezo haya mazimamazima. Baiskeli za mitumba za Ulaya za mashindano zinaweza kuwa za Kitaliano, kipenyo cha milimita 36, na hizo kulia na kushoto zote ni thredi za kawaida. Peugeot za zamani za Ufaransa vilevile ni kawaida pande zote, kwa kipenyo cha milimita 35 na jino la milimita moja. Ukizungusha kufuata saa huko unakaza. Za Kijapani za kikapu mbele ni za Kiingereza, kulia kinyume. Na fremu ya alumini isipashwe moto wa gesi kabisa.

Turudi kwako. Ikiwa kikombe kimebaki mahali pake au kimerudi kingine, safisha thredi zote kwa brashi ya waya, paka grisi ya kuzuia maji kwenye thredi, si kwenye gololi tu. Hewa ya chumvi ya Tanga itapita popote palipokauka. Kikombe cha kulia kifunge kinyume cha saa, ukikaze kwa nguvu. Weka gololi 11 za robo inchi kila upande, zikae ndani ya grisi zisidondoke, ingiza ekseli, kisha kikombe cha kushoto kwa mkono mpaka mchezo wa ekseli uishe lakini izunguke bila kukwaruza. Kishikilie hapo huku ukikaza ringi, kwa sababu ringi hupenda kukivuta. Ekseli ya zamani ikiwa na vishimo, mpya ilazwe sambamba nayo kabla ya kulipa: umbali kati ya sehemu mbili zinazobeba gololi lazima ulingane, la sivyo bomba la 71 litaikataa.

Ukifika kwenye mikono ya pedali, zile pini zake usizipige mkono ukiwa unaning'inia. Simamisha chini ya mkono kipande cha bomba nene, pini ielekee kwenye tundu lake, ili pigo liishie ardhini badala ya kuzipiga gololi mpya na vikombe.

Na kwa kuwa baiskeli itaishi karibu na bahari, muulize fundi kama yuko tayari kutoboa tundu la milimita 4 chini kabisa ya bomba la kati. Maji yanaingia kupitia bomba la kiti, yanashuka na kukaa palepale kwenye vikombe, na kwenye fremu yako hayana pa kutokea. Ile seti ya Kariakoo, kama kikombe chake hakijaharibika meno, irudishe dukani. Wakikataa kuipokea, chukua gololi zake: ikiwa zimo ndani ya vishikizo vya bati zitoe, ongeza za kununua rejareja zifike 11 kila upande, mradi zote ziwe za kipimo kimoja na mpya.